Lishe ya farasi dume wa mbegu: mwongozo kamili kwa mfugaji

Mbegu ambazo farasi dume anazitoa leo zilianza kutengenezwa miezi miwili iliyopita. Ndani ya korodani, chembe ya awali huchukua siku 57 hivi kugeuka kuwa mbegu kamili, kisha mbegu hiyo hukaa siku nyingine 8 hadi 11 katika mirija ya kukomazia kabla ya kuwa tayari kutoka. Ndiyo kusema, chakula kizuri unachoanza kumpa dume siku ya kufungua msimu wa kupandisha kitaonekana kwenye manii yake baada ya zaidi ya siku 60, wakati ambao sehemu kubwa ya majike wameshapandwa. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya hesabu hiyo.

Lishe haimpi dume uwezo ambao hakuzaliwa nao. Mwenye korodani ndogo kwa asili, au aliyewahi kuumia sehemu hizo, hageuzwi na ndoo ya chakula. Kazi ya lishe ni kumwezesha dume kutoa kile ambacho mwili wake unaweza kutoa, msimu mzima, bila kukonda, bila kunenepa na bila kuumwa miguu. Na niseme mapema: katika mabanda ya madume, tatizo la kwanza ninaloliona ni unene, na la pili ni virutubisho vya makopo vinavyochanganywa bila hesabu. Njaa iko mbali nyuma ya hayo mawili.

Hatua ya 1: Hesabu kalenda kurudi nyuma

Chukua tarehe ambayo jike wa kwanza atapandwa, kisha rudi nyuma siku 90. Hapo ndipo msimu wako wa lishe unapoanza. Siku 60 na ushei ni za mbegu zenyewe; zinazobaki ni za kutibu meno, kubadilisha chakula taratibu na kuurudisha mwili kwenye hali inayotakiwa.

Wiki ya kwanza ya siku hizo 90, mwite daktari wa mifugo aangalie meno. Dume mwenye meno makali huacha vijibunda vya nyasi zilizotafunwa nusu, na nafaka nzima huonekana kwenye kinyesi chake. Chakula chochote utakachonunua kitapita hivyo hivyo. Kinyesi nacho kipimwe mayai ya minyoo, halafu apewe dawa kulingana na kilichoonekana. Kumlundikia dawa kwa mazoea hujenga minyoo sugu.

Hatua ya 2: Mjue dume wako kwa mikono na kwa utepe

Macho peke yake hudanganya, hasa kwa farasi unayemwona kila siku. Unahitaji vipimo viwili.

Cha kwanza ni hali ya mwili, kwa kipimo cha 1 hadi 9 kilichotungwa na Henneke na wenzake mwaka 1983 na kinachotumika hadi leo. Namba 1 ni farasi aliyebaki mifupa, 9 ni aliyefunikwa na mafuta. Dume wa mbegu anatakiwa aanze msimu akiwa kwenye 5 au 6. Kwenye 5, mbavu hazionekani lakini ukipitisha vidole unazihisi bila kubonyeza, na mgongo uko sawa, hauna mfereji wala ukingo. Kwenye 6, mbavu zina utando laini wa mafuta juu yake na shina la mkia ni laini ukiligusa. Ukifika mahali unalazimika kubonyeza ili upate ubavu, umeshaingia 7.

Kwa dume kuna mtego mmoja. Homoni zake za kiume humjengea shingo nene yenye ukingo juu, hata akiwa hana mafuta ya ziada. Wapo wanaomhukumu mnene kwa sababu ya shingo hiyo wakampunguzia chakula asichostahili kupunguziwa, na wapo wanaoisingizia homoni huku farasi amejaa mafuta kila mahali. Amini mbavu, sehemu iliyo nyuma ya bega na shina la mkia. Shingo iangalie mwisho: ukingo mgumu usioyumba, wenye vinundu vya mafuta, ni dalili ya hatari, kwa sababu mara nyingi huambatana na mwili usioitikia vizuri insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu.

Kipimo cha pili ni uzito. Kama hakuna mizani, pima kwa utepe mzingo wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Farasi mwenye mzingo wa 180 na urefu wa 165 hupata kilo 450. Hesabu hii inaweza kukosea kwa kilo kadhaa, lakini mtu yule yule akipima kwa utepe ule ule kila wiki, mwelekeo ataupata bila shaka, na mwelekeo ndio unaoutaka.

Unene unahusikaje na uzazi? Kwa njia tatu. Korodani hufanya kazi zikiwa na joto la digrii kadhaa chini ya joto la mwili, na mafuta yanayojikusanya kuzunguka mfuko wake yanaweza kuzuia joto hilo kutoka. Dume mzito huchoka upesi, goti na kifundo humuuma, na dume anayesikia maumivu kila anapomrukia jike hujifunza kukataa. Mwenyewe humwita mvivu kumbe anaumwa. Njia ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: unene humfungulia mlango ugonjwa wa laminaiti, uvimbe wa tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya kwato, ambao unaweza kumaliza kazi ya dume kabisa.

Dume aliyekonda chini ya 4 naye ana lake. Akizidi kudhoofika, hamu na manii hushuka, na msimu ukimkuta hana akiba, hamalizi. Kumwinua farasi wa kilo 500 kwa daraja moja la kipimo hicho ni kumwongezea kilo 20 hivi au zaidi. Hilo halifanyiki salama kwa wiki mbili, ndiyo maana tumerudi nyuma siku 90.

Hatua ya 3: Pima manii kabla hujabadilisha chochote

Bila kipimo cha mwanzo hutajua kama chakula kimesaidia. Utaratibu uliozoeleka ni kumpumzisha dume wiki moja, kisha kukusanya manii mara mbili kwa tofauti ya saa moja. Katika mkusanyo wa pili, daktari hutafuta angalau mbegu bilioni 1 zenye umbo sahihi na zinazokwenda mbele. Hupima pia upana wa mfuko wa korodani, ambao hautakiwi kupungua sentimita 8. Kama manii yake husafirishwa yakiwa yamepozwa, omba sampuli ihifadhiwe saa 24 kwenye baridi kisha ipimwe tena. Kipimo hicho cha pili kitakuwa na kazi kubwa tukifika kwenye mafuta.

Kumbuka majira pia. Farasi huzaliana siku zinaporefuka, kwa hiyo mbali na ikweta dume hutoa mbegu chache miezi ya baridi kuliko miezi ya joto. Linganisha vipimo vya majira yanayofanana, usije ukakisifu chakula kwa kazi iliyofanywa na jua.

Hatua ya 4: Nyasi kwanza

Kila hesabu ya chakula cha dume ianze na majani. Anahitaji majani makavu, ukiondoa maji yaliyomo, yenye uzito wa 1.5% hadi 2% ya uzito wa mwili wake kila siku. Kwa farasi wa kilo 500 hizo ni kilo 8 hadi 11 za nyasi kavu. Pima kwa mizani ya kuning'iniza. Bunda kwa bunda hutofautiana sana, na neno "mabunda mawili" halina maana yoyote kwa tumbo.

Utumbo mpana wa farasi umejaa vijidudu vinavyochachusha majani na kumpa nguvu zake nyingi. Tumbo lake la mbele nalo hutoa asidi muda wote, ale asile, na kutafuna ndiko kunakoleta mate ya kuipoza. Madume hukumbwa na vidonda vya tumbo kwa urahisi: hufungwa peke yao, hupewa nafaka nyingi, hupewa nyasi mara mbili kwa siku, na katikati ya hapo ni saa nyingi za kusimama wakisikia harufu ya majike. Dume mwenye vidonda huacha chakula nusu, hukonda, hukasirika akifungwa mkanda wa tumboni. Mwenye farasi huongeza nafaka ili anenepe, na vidonda huzidi. Gawa nyasi mara nne au zaidi, au tumia wavu wenye matundu madogo ili kilo zile zile zidumu saa nyingi. Na popote inapowezekana, mwache dume atoke malishoni. Majani mabichi humpa beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na vitamini E kwa wingi ambao nyasi kavu haziwezi kuufikia, na kutembea kwenyewe ni dawa.

Zipeleke nyasi zako maabara mara moja kwa mwaka, au kila unaponunua shehena mpya. Ulizia protini, nishati, sukari na wanga, kalsiamu, fosforasi, zinki, shaba na selenium. Gharama ya kipimo hicho ni ndogo kuliko ya kopo moja la madini ambayo pengine dume hayahitaji. Mimi naihesabu kuwa ndiyo matumizi bora kuliko yote katika mwongozo huu.

Kwa dume mnene, badilisha aina ya nyasi kabla ya kupunguza kiasi: tafuta zilizokomaa zaidi, ziloweke kwenye maji baridi dakika 30 hadi 60 ili sukari ipungue, umwage maji hayo. Usishuke chini ya 1.5% bila daktari kusimamia, maana farasi anayekatiwa chakula ghafla anaweza kufurika mafuta kwenye damu, na wa aina ndogo ndio walio hatarini zaidi.

Hatua ya 5: Jaza pengo la nishati, usivuke

Hapa ndipo wengi wanapotupa fedha, kwa hiyo tufanye hesabu yenyewe. Kwa mujibu wa viwango vya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani vya mwaka 2007, dume wa kilo 500 asiyepanda anahitaji megakalori 18.2 za nishati inayomeng'enywa kwa siku. Akiwa kazini, anahitaji 21.8. Tofauti ni 3.6 tu.

Kilo 10 za nyasi kavu za wastani, zenye megakalori 1.8 kila kilo, humpa 18. Dume asiyepanda, kwa nishati, ameshashiba. Anayepanda amebakiwa na pengo dogo linalozibwa na kilo moja na robo ya oti, au kilo moja ya oti pamoja na mililita 100 za mafuta ya kula. Hakuna ndoo tatu hapo. Dume mwenye hasira asiyetulia banda zima anaweza kuhitaji zaidi, na mpole anayetoa manii mara mbili kwa wiki anaweza asihitaji nafaka kabisa. Mbavu na utepe ndio waamuzi.

Nafaka ipimwe kwa kilo. Kopo la lita moja likijazwa oti lina nusu kilo hivi. Likijazwa mahindi lina robo tatu za kilo, na mahindi yana nishati nyingi zaidi kwa kila kilo. Ukibadilisha nafaka kwa kopo lile lile umekaribia kumwongezea chakula maradufu bila kujua. Mlo mmoja pia usizidi gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya mwili. Wanga wa oti ni kama 40% hadi 45%, wa mahindi karibu 70%, kwa hiyo kwa farasi wa kilo 500 mlo mmoja ni kama kilo moja ya oti au gramu 700 za mahindi. Wanga unaozidi hapo hupita bila kusagwa hadi utumbo mpana, huchachuka, na kuleta msokoto wa tumbo au laminaiti. Mahindi yawe yamepikwa kwa mvuke au kupondwa kwa joto. Mabichi wanga wake haumeng'enywi vizuri.

Mabadiliko yoyote ya chakula, hata ya shehena ya nyasi, yachukue siku 7 hadi 14.

Hatua ya 6: Protini

Viwango vile vile vinampa dume anayepanda gramu 789 za protini kwa siku, zikiwemo kama gramu 34 za lisini, kiungo cha protini ambacho farasi hupungukiwa nacho kwanza. Kilo 10 za nyasi zenye protini 8% tayari ni gramu 800. Nyasi zikiwa duni, 5% tu, unapungukiwa na gramu 289, na gramu 650 za mashudu ya soya yenye protini 44% huziba karibu pengo lote. Soya iwe imepitia joto. Mbichi ina vitu vinavyozuia umeng'enyaji. Lusini, ambayo wengine huiita alfalfa, nayo hufanya kazi hiyo na huleta kalsiamu.

Protini ya kupindukia haiongezi mbegu. Hutoka kwenye mkojo kama urea, ambayo hugeuka amonia na kuchafua hewa ya banda, na humfanya anywe na kukojoa zaidi.

Dume wa miaka miwili hadi minne bado anakua, kwa hiyo mpe mahitaji ya kukua pamoja na ya kazi, na usimpunguzie madini. Mzee aliyepita miaka 20 huhitaji chakula kilicholowekwa na nyasi laini, maana meno hayashiki tena.

Hatua ya 7: Mafuta ya omega-3

Utando wa mbegu ya farasi umejaa mafuta ya aina laini, yale yanayoufanya uwe mwepesi kunyumbulika. Mbegu inapopozwa kwa ajili ya kusafirishwa, utando hukakamaa, na wepesi huo ndio unaoamua kama itaendelea kuogelea. Aina mbili za mafuta hutawala hapo: DPA ya kundi la omega-6, ambayo farasi anayo kwa wingi, na DHA ya kundi la omega-3. Nafaka na mafuta ya mahindi humwelekeza dume upande wa omega-6.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 uliwapa madume kirutubisho chenye DHA, gramu 250 kwa siku kwa wiki 14, na DHA ndani ya mbegu ikapanda. Waliofaidika zaidi ni wale ambao mbegu zao zilikuwa zinachoka: baada ya saa 24 za baridi, chini ya 40% ndizo zilizokuwa zikienda mbele. Dume ambaye manii yake yalivumilia baridi tangu mwanzo hakuwa na mengi ya kuongezewa. Hapa ndipo kipimo chako cha saa 24 kinapolipa. Kama dume hupanda jike moja kwa moja na majike wanashika mimba, weka fedha zako mahali pengine.

Ukiamua kutumia, tafuta DHA ya mafuta ya samaki au ya mwani. Mbegu za kitani na mafuta yake ni chakula kizuri, ila omega-3 yake ni ya aina fupi na mwili wa farasi huigeuza kidogo sana kuwa DHA. Anza kwa kiasi kidogo, ongeza ndani ya wiki mbili, na endelea angalau wiki 10 hadi 14. Kwa kila mililita ya mafuta unayoongeza, ongeza yuniti (kipimo cha kimataifa cha vitamini) 1 hadi 1.5 za vitamini E, kwa sababu mafuta hayo laini huharibiwa upesi na oksijeni na vitamini E ndiyo mlinzi wake. Mafuta yanayonuka yameoza; yamwage.

Hatua ya 8: Vitamini na madini

Vitamini E ndiyo ninayoijali kuliko nyingine kwa dume anayeishi kwa nyasi kavu. Majani yakikatwa na kuanikwa, hupotea, na huendelea kupungua ghalani. Kiwango cha kawaida ni yuniti 1 kwa kila kilo ya mwili. Dume aliye kazini na asiyepata majani mabichi anaweza kupewa 1 hadi 2, yaani 500 hadi 1,000 kwa farasi wa kilo 500. Ya asili hutumika mwilini vizuri kuliko ya kutengenezwa.

Selenium, madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo sana, hufanya kazi bega kwa bega na vitamini E, na mkia wa mbegu hauundwi vizuri bila hiyo. Lakini nafasi kati ya kutosha na sumu ni nyembamba. Farasi wa kilo 500 anahitaji miligramu 1 kwa siku, na wataalamu wengi huishia kwenye 2 au 3 kwa jumla ya vyanzo vyote. Ikizidi kwa muda mrefu, nywele za shingo na mkia hunyonyoka na kwato hupasuka karibu na ngozi. Ikizidi kwa ghafla, huua. Aprili 2009, huko Florida, Marekani, farasi 21 wa polo walikufa baada ya kudungwa mchanganyiko wa vitamini na madini ambao selenium yake ilikuwa imezidishwa mno. Yalikuwa mashindano makubwa, na farasi wale walikuwa wakitunzwa na watu wanaojua kazi.

Kwa hiyo fanya hivi leo: chukua karatasi, andika kila kitu kinachoingia mwilini mwa dume. Nyasi, chakula cha mfuko, jiwe la chumvi lenye madini, poda ya uzazi, poda ya kwato, sindano. Mbele ya kila kimoja andika selenium yake kwa siku, kisha jumlisha. Fanya hivyo hivyo kwa vitamini A. Mara nyingi utakuta makopo matatu yanayorudia kitu kile kile.

Zinki na shaba mara nyingi hupungua kwenye nyasi. Kiwango ni kama miligramu 400 za zinki na 100 za shaba kwa siku, na uwiano wa 3 au 4 kwa 1 uheshimiwe, maana kimoja kikizidi humzuia mwenzake. Chuma usiongeze, majani yana chuma cha kutosha na zaidi.

Kalsiamu ya dume anayepanda ni gramu 30, fosforasi 18. Fosforasi isiizidi kalsiamu kamwe. Pumba za ngano na za mpunga zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na dume anayelishwa pumba kwa wingi hunyonya kalsiamu kutoka mifupani mwake. Baadhi ya nyasi za nchi za joto zina oksaleti inayoifunga kalsiamu isitumike, kwa hiyo maabara iulizwe hilo pia.

Vitamini A hutoka kwenye beta-karotini ya majani mabichi. Aliyetoka malishoni ana akiba kwenye ini, na kumwongezea zaidi hakumwongezei mbegu. Vitamini C farasi hujitengenezea mwenyewe.

Hatua ya 9: Maji na chumvi

Dume wa kilo 500 hunywa lita 25 hadi 30 akiwa ametulia kwenye hali ya hewa ya baridi, na maradufu kukiwa na joto au kazi. Ndoo ioshwe kila siku. Chumvi ya kawaida, gramu 25 hadi 30 kwa siku, ichanganywe kwenye chakula, kwa sababu wengi hawalambi jiwe kiasi cha kutosha.

Hatua ya 10: Vya kuondoa ghalani

Chakula cha ng'ombe na cha kuku kikae mbali kabisa. Kinaweza kuwa na monensini, dawa ambayo kwa wanyama hao ni ya kawaida lakini kwa farasi huharibu moyo hata kwa kiasi kidogo.

Nafaka na nyasi zenye ukungu zitupwe zote, si kuchambuliwa. Sumu ya ukungu haionekani kwa macho, mahindi yenye fumonisini, mojawapo ya sumu hizo, huozesha ubongo wa farasi, na farasi hawezi kutapika.

Mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu ya asili ya mmea huo, inayojulikana kuharibu mbegu za mafahali na kondoo madume. Soya ipo, sioni sababu ya kumjaribia dume wa mbegu.

Dawa za kujenga misuli zenye homoni za kiume hazina nafasi. Hupunguza ukubwa wa korodani na idadi ya mbegu, na madhara yanaweza kudumu miezi mingi baada ya kuacha. Dume aliyetoka kwenye mbio na akaja kwako akiwa na misuli mingi na mbegu chache, uliza historia yake ya sindano.

Hatua ya 11: Msimu ukianza

Usilete kitu kipya. Chakula kilichofanya kazi siku 90 ndicho kinachoendelea, na unachobadilisha ni kiasi tu, kwa kufuata utepe na mbavu unazopima kila wiki siku ile ile.

Madume wengine husahau kula majike wakiwa karibu. Hutembea kando ya ua mchana kutwa, huita, hutoka jasho, na kilo huyeyuka. Mpe huyu nyasi alfajiri kabla ya shughuli, mpe sehemu kubwa ya chakula usiku kukitulia, na kama ni lazima uongeze nishati, ongeza kwa mafuta kuliko kwa nafaka. Baada ya kupanda, apoe na apumue kawaida kwanza; nyasi na maji vitangulie, nafaka ifuate baada ya saa moja hivi. Akishuka daraja zima katikati ya msimu, punguza idadi ya majike wa wiki hiyo wakati unamrudisha.

Msimu ukiisha, punguza nafaka ndani ya wiki mbili. Madume wengi hunenepa katika miezi hii, wanapolishwa kama waliopo kazini huku wamepumzika.

Hatua ya 12: Rudia kipimo na usome matokeo

Siku ya 70 hadi 75 tangu chakula kipya kukamilika, rudia kipimo cha manii kwa utaratibu ule ule wa mwanzo. Kupima siku ya 30 ni kupima mbegu zilizotengenezwa kwa chakula cha zamani.

Kama hali ya mwili imefika 5 au 6, chakula kimetimia, na manii hayajabadilika, acha kununua makopo. Tafuta kwingine: je, alipata homa ndani ya miezi miwili iliyopita, maana joto hupika mbegu zilizokuwa zinatengenezwa? Ana maambukizi? Anakusanywa mara nyingi kuliko uwezo wake? Kimiminika cha kuchanganyia na kuhifadhia manii kinamfaa dume huyu, au kibadilishwe? Na majike wenyewe wamechunguzwa? Mpelekee daktari daftari lenye tarehe za homa, chanjo, dawa, uzito wa kila wiki na karatasi ya madini uliyojumlisha. Kwa daftari hilo ataanza uchunguzi mahali panapostahili.